Picha Kutoka Daraja la Kaveri

Gereza Kuu, Vellore
10 Agosti 1997

Mdogo wangu Dhanapal,

Hujambo najua, maana mtu anayeendesha baiskeli ya mwenzake bure kwa miaka kumi na moja hawezi kuwa na jambo. Mimi nipo. Chakula ni kilekile, wali na mchuzi wa dengu ambao dengu zenyewe zilipita mbali.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu kidogo kilichonitisha. Juzi nilikuwa nimelala chali, nikaamua nitoke nyumbani kwa mawazo tu, nipande baiskeli niende mjini kama zamani. Nikatoka mlangoni, nikapita chini ya mnara mkubwa wa hekalu, nikashika njia ya mtoni mpaka kwenye ngazi za Amma Mandapam wanapoogea watu. Hapo nikakwama. Kati ya zile ngazi na daraja kuna nini? Lile duka la kahawa liko kulia au kushoto? Nililitafuta mpaka kengele ya kuamka ikapigwa, sikuliona. Nimeogopa, Dhana. Nilidhani njia ile haiwezi kuniponyoka hata nikizeekea humu.

Wewe uko studio ya picha, na kila alfajiri unapita hapohapo. Nipigie. Anza mlangoni petu, maliza mjini. Sitaki picha za kalenda, nataka njia.

La pili. Mwaka huu naruhusiwa kuomba likizo ya wafungwa. Ukikaa miaka mingi bila kosa wanakupa siku chache ukaone kwenu. Nimeanza kuandika maombi. Nataka nimwone mama kabla hajafa, basi. Sina haja nyingine duniani.

Na usije kunitembelea. Nilikukataza mwaka ule wa kwanza na bado nakukataza, sitaki unione nyuma ya wavu. Msomee mama barua hii, ajibu kwa kinywa chake, wewe uandike bila kupunguza.

Kaka yako,
Veerabadran


Srirangam
31 Agosti 1997

Kaka Veera,

Barua imefika na mama amenisomesha mara tatu. Jibu lake naliandika kama alivyolitoa, nisilaumiwe mimi: "Mwambie huyo punda duka la kahawa liko kushoto. Palepale alipokuwa akijificha kuvuta sigara akidhani simwoni. Na mwambie asiniharakishe kufa, nitakufa nikimaliza kumsema, na bado sijafika nusu."

Nimeweka picha sita. Filamu za harusi hubakiza nafasi mbili tatu mwishoni na tajiri wangu hazihangaikii, basi nazichukua mimi. Naondoka giza halijatoka vizuri, maana tunasafisha picha kabla umeme haujaanza kukatikakatika. Mnara wewe uliuacha umevaa mianzi ya mafundi, sasa uone ulivyo. Hizo ni ngazi za mtoni. Hilo ni duka la kahawa, kushoto. Ya mwisho ni Mwamba, lile jiwe letu kubwa la mjini, nimeupiga kutoka darajani. Huwa nasimama pale ukingo wa daraja unapoachana na miti, kabla malori hayajaanza, naegemeza baiskeli kwenye chuma. Hapo Mwamba wote unaonekana, mpaka hekalu la mungu Pillaiyar kileleni.

Watu wananiona kichaa. Sambandam muuza maziwa kanisimamisha jana: "We Dhanapal, huo mwamba uko hapo tangu dunia iumbwe. Unauwahi unakwenda wapi?" Nikamwambia kuna mtu ameuagiza.

Kuhusu likizo, usiharakishe sana. Ngoja mvua zipite, njia ziwe nzuri. Shemeji Poongodi na Tenmoli hawajambo.

Mdogo wako,
Dhanapal


Gereza Kuu, Vellore
21 Septemba 1997

Dhana,

Picha zimefika, kila moja ina muhuri wa gereza mgongoni. Afande anayesoma barua zetu ni mtu wa Lalgudi, amekaa nazo siku mbili zaidi ya lazima. Aliponipa akasema, "Hapa darajani nilikuwa napita na marehemu baba." Kisha akakumbuka yeye ni afande, akanifokea nitoke.

Nimezibandika ukutani kwa wali uliobaki. Sasa nikilala naendesha baiskeli mpaka mjini bila kukwama. Ahsante, mdogo wangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa sababu ya duka la kahawa.

Lakini nikukosoe, maana nani mwingine atakukosoa. Kwenye picha ya Mwamba nguzo ya taa imesimama juu ya kichwa cha Pillaiyar. Wewe ni mpiga picha au mchomaji wa chuma? Siku nyingine sogea. Na ngoja jua lianze kugusa jiwe. Mahali ni pazuri, usipabadilishe.

Halafu umenitumia mawe, maji na kahawa, hujanitumia mtu hata mmoja. Mama yuko wapi? Na binti yangu Tenmoli, nilimwacha hana meno ya mbele, nikimpakia kwenye baiskeli kwenda shule anashika kengele njia nzima mpaka watu wanatutukana. Sasa ni mwanamke mzima na simjui sura. Nipigie hao.

Maombi ya likizo nimeyapeleka. Mvua gani, Dhana? Mimi nimekaa miaka kumi na moja ndani ya kuta. Nitaogopa mvua?

Kaka yako,
Veera


Srirangam
17 Novemba 1997

Mpendwa kaka Veerabadran,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mvua zimekuwa nyingi, studio iliingia maji, na kazi zimeniandama. Picha ni mbili tu. Kaveri imejaa mpaka ngazi za juu za Amma Mandapam, utaona waogaji wamesimama barabarani. Hiyo nyingine ni Mwamba, lakini kulikuwa na ukungu na mkono haukutulia.

Mama anakusalimu sana. Anakuombea afya njema na anasema uwe na subira. Hakutaka kupigwa picha, anasema amezeeka.

Kuhusu likizo, kaka, fikiria tena. Mwaka huu mambo ya nyumbani yamebanana. Mwakani itakuwa vizuri zaidi kwa wote.

Wako,
Dhanapal


Gereza Kuu, Vellore
7 Desemba 1997

Dhana,

Huyu mama anayenisalimu bila kunitukana ni mama wa nani? Mama yetu hajawahi kuniombea afya njema tangu nizaliwe. Ananiombea akili. Kama anaumwa, sema anaumwa. Mimi si mtoto. Na wewe tangu lini unaniita mpendwa?

Usiku na mchana nafikiria labda macho yake yamezima. Kama hawezi kuona tena, niambie, nitakapokuja nimshike mkono mimi kwanza asishtuke.

Maombi yameshafika mezani kwa mkubwa na hajayatupa. Ombea.

Wiki ijayo mwezi mtakatifu wa Margali unaanza. Humu ndani hakuna Margali, kuna Desemba tu. Nipigie mtaa wetu alfajiri ya Margali, wanawake wakishamaliza kuchora kolamu za unga mbele ya milango, maua ya maboga yakiwa yamechomekwa katikati, na mnara nyuma. Mama akichuruzisha ule unga wa mchele kati ya vidole, mstari ulikuwa haukatiki mpaka umfikie jirani, na asubuhi ilikuwa lazima nitoe baiskeli kwa kuibeba begani, nikikanyaga ua moja navunjwa mguu. Hata kama sasa hawezi kuinama atakuwa amekaa kwenye kiti anawaamrisha Poongodi na Tenmoli. Nitafurahi kuona hilo kuliko mnara.

Kaka yako,
Veera


Srirangam
22 Desemba 1997

Kaka,

Hii hapa, na nadhani safari hii hutakosoa. Nimeinuka mapema kuliko watu wa hekaluni. Sambandam ameishika baiskeli mimi nikasimama juu ya tandiko, mnara wote umeingia mpaka ncha, hakuna nguzo wala waya. Mtaa mzima una kolamu kama ulivyotaka. Kina mama walikuwa wakinicheka: "Dhanapal, ukiangukia kolamu ya mtu utamwoa bintiye hapohapo."

Mlango wetu sikuupiga kwa karibu, mwanga ulikuwa hafifu. Mama yupo, amechoka kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Dhanapal


Gereza Kuu, Vellore
1 Januari 1998

Dhanapal,

Mnara umeupiga vizuri. Lakini wewe siku zote ni mtu wa kutazama juu. Mimi nimetazama chini.

Nimeanza na nyumba ya muuza mafuta. Kolamu yake ina tausi wawili. Kwa Kothai ni nyota, na maua kila pembe. Kwa fundi viatu imepinda kama kawaida yao, lakini ipo. Kisha kuna mlango ulioingia nusu ukingoni mwa picha, una kizingiti kilichomeguka, nilikimegua mimi kwa gurudumu. Mbele yake pamefagiwa, pamenyunyizwa maji, na hakuna kitu. Hakuna mstari hata mmoja, wala ua.

Nyumba yenye wanawake watatu haikosi kolamu mwezi wa Margali kwa ajili ya uvivu, wala kwa ajili ya homa. Wangekuja majirani kuichora. Nyumba inabaki hivyo kwa sababu moja, nawe unaijua, ila kwa kuwa hujawahi kuinama pale na unga mkononi hukufikiri kwamba picha itasema.

Nani amekufa? Nimekaa nikiwataja mmoja mmoja na kila jina nalikataa. Andika jina. Kama ni Tenmoli usiandike, njoo mwenyewe uniambie mdomoni, hapo nakuruhusu kuja.

Veera


Srirangam
8 Januari 1998

Kaka yangu,

Ni mama.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Kifua kilimbana wiki nzima, hakutaka kupelekwa hospitali. Asubuhi ile alikuwa amekaa, anamsema shemeji kwamba chumvi imezidi, akanyamaza katikati ya maneno. Shemeji akageuka kujitetea akakuta hakuna wa kumjibu. Hakikuwa kifo cha mateso, hilo nakuapia.

Nimekuwa nikikudanganya tangu siku ile, na nimekuwa nikidanganya vibaya. Salamu zile niliziandika mwenyewe mezani pake, na kila nikijaribu kumtungia tusi lake moja, kalamu ilikataa.

Nisikilize kabla hujanilaani. Tenmoli ameposwa. Mvulana ni mwalimu wa shule ya msingi, ametoka kwa watu wazuri upande wa Lalgudi, na Tenmoli anampenda, hilo ni geni nyumbani kwetu. Hao watu wanaamini baba yake ni dereva Muscat. Mama alipofariki walikuja msibani, wamejaa ukumbini mpaka barabarani. Wewe unajua sheria ya huko: mfungwa akifiwa analetwa na askari, amefungwa mnyororo, anasimama nusu saa anarudishwa. Ungeshushwa garini mbele ya mlango, wao wote wakitazama. Siku mbili kabla ya kufa, mama mwenyewe alinishika mkono akasema, "Nikienda, huyo punda asiambiwe mpaka mtoto ametoka nyumba hii." Ndiye pia aliyekataza harusi isiahirishwe kwa ajili ya msiba wake. Mzazi wa mvulana akaheshimu neno la marehemu, kwa hiyo wanaoana tarehe 29 mwezi huu, hapahapa Srirangam, ukumbi wa karibu na lango la kusini.

Kuwasha moto wa mama ni kazi ya kitinda mimba. Kwa hiyo moto sikukuibia. Nilinyoa kichwa, nikauwasha, na majivu niliyapeleka mtoni mimi.

Nakuomba, kaka. Kama likizo itatoka, ichukue Februari. Baada ya tarehe 29 njoo siku yoyote, nitakuja kukupokea stendi kwa baiskeli yako mwenyewe. Mambo haya yamenikalia kifuani na sina usingizi. Nipige ukija, lakini uje baada ya tarehe hiyo.

Dhanapal


Srirangam
9 Januari 1998

Baba Tenmoli,

Shemeji yangu amekuandikia kurasa nyingi na amelia juu yake, wino umetapakaa. Mimi nitaandika kidogo. Yeye ana moyo laini, atakuomba msamaha. Mimi siombi.

Mara mbili watu walikuja kumposa mtoto. Wakauliza baba yuko wapi, tukasema kweli: alimpiga mtu chuma cha baiskeli kwenye kibanda cha pombe, mtu akafa. Mara mbili wakamaliza kahawa yetu, wakasifu kahawa, wakaondoka. Mara ya tatu ni mimi niliyesema Muscat. Si mama, si Dhanapal. Mtoto hajaua mtu.

Tenmoli amelia akitaka uje. Anasema afadhali ndoa ivunjike. Ana miaka kumi na tisa, hajui ndoa ikivunjika inavunjika vipi. Mimi najua kukaa bila mume kwa miaka kumi na moja, uzi wa ndoa shingoni na chungu kimoja jikoni. Sijauvua, na sitauvua. Hilo ujue, lisije likakuingia lingine kichwani.

Mlango ni wako. Ukija kabla ya harusi sitakufukuza. Nitakupa maji, nitakukalisha, na nitamwita mtoto akuone. Halafu watu wa Lalgudi watakuja nao wakuone. Uamuzi ni wako, na usiseme baadaye kwamba hukuambiwa.

Mama Tenmoli


Gereza Kuu, Vellore
15 Januari 1998

Dhanapal, na wewe Mama Tenmoli,

Nimesoma zote mbili. Hapa kuna mfungwa kinyozi, ameninyoa kichwa na masharubu. Wenzangu wa chumbani hawakupiga kelele usiku ule, wakaniachia nafasi karibu na dirisha.

Dhana, moto ulikuwa wako, sikatai. Lakini kulia kulikuwa kwangu pia, na hukunigawia. Mimi nilikuwa namtunzia mama maneno. Nilikuwa nayapanga kila siku, nitaanza hivi, atanitukana hivi, nitajibu hivi. Miezi miwili nimeyapanga kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuwa majivu, na wewe unajua.

Likizo imekubaliwa. Naachiwa tarehe 26 Januari, siku sita. Sitakuwa na pingu wala askari, nitapita tu kituo cha polisi kila siku kutia sahihi. Tarehe sikuichagua mimi, na ukiikataa unarudi mwisho wa foleni.

Sina la kuahidi. Nina binti mmoja.

Veerabadran


Srirangam
5 Februari 1998

Kaka Veera,

Sijui nianzie wapi. Hukuja. Tangu barua yako ya mwisho tuliishi roho mkononi. Nikisikia gari naamka. Nikuambie na hili, maana nimechoka kuficha: shemeji alimweka Sambandam kwenye kiti mbele ya ukumbi siku tatu mfululizo, ukitokea akuchukue kwake kwanza, kimyakimya. Maskini alikaa na jua na umande, hakuna aliyekuja. Shemeji akasema, "Ameelewa." Kisha akaingia jikoni akafunga mlango, na sisi tuliokuwa nje tukamsikia analia kwa sauti. Hajawahi kulia hivyo hata siku ulipochukuliwa.

Nadhani uliikataa likizo. Au wamekuzuia? Kwa vyovyote umetufanyia jambo ambalo sisi hatukukufanyia wewe. Nimelikosa neno la kukushukuru.

Harusi ilikwenda vizuri. Watu walikula wakarudia. Mimi nilikaa mahali pako, nikamshika Tenmoli mkono nikaukabidhi. Mzazi wa mvulana akaninong'oneza, "Kaka yako angekuwepo leo." Nikasema tajiri wake kule Muscat ni mkali, hatoi ruhusa. Tenmoli akanitazama kwa macho ya mama, sikuweza kumtazama.

Picha ya Tenmoli hii hapa, nimeipiga mwenyewe. Meno yote yapo. Amesema nikuandikie kwamba kengele ya baiskeli bado anaijua kwa mlio, asubuhi nikitoka alikuwa akiisikia akiwa amelala.

Nyingine ni Mwamba. Niliupiga kutoka palepale darajani, alfajiri ya tarehe 28, siku moja kabla ya harusi. Sikuwa na nia ya kupiga siku ile, lakini ukungu ulikatika ghafla na jua likagusa jiwe kama ulivyonifundisha. Nguzo ya taa haimo. Nadhani ni nzuri kuliko zote nilizowahi kukutumia, hakuna kitu kinachoziba. Niambie unaionaje.

Sasa mambo yamepita. Omba likizo nyingine, kaka. Nitakuja mwenyewe stendi.

Mdogo wako,
Dhanapal


Gereza Kuu, Vellore
15 Februari 1998

Dhana,

Picha zote mbili zimefika. Tenmoli nimemweka peke yake, sikumchanganya na barabara. Ni mzuri, na amebeba kidevu cha mama, Mungu amsaidie mwalimu wa watu.

Umeniuliza Mwamba nauonaje. Nimekaa na swali hilo siku nyingi, nikaona nikijibu uongo tutakuwa tunafanana. Sikuandikii ili uumie. Nakuandikia kwa sababu umeuliza.

Likizo sikuikataa. Nilitoka tarehe 26 kama nilivyokwambia, nikapanda basi la usiku, nikashuka Srirangam kabla watu hawajaamka. Nilifika mpaka kona ya mtaa. Niliona migomba imefungwa kwenye lango la ukumbi, na Sambandam kwenye kiti, amejifunga taulo kichwani, anasinzia. Nikajua amewekwa kwa ajili ya nani. Sikumkasirikia. Nikageuka nikaenda mtoni.

Nililala Amma Mandapam, kwenye baraza, na watu waliokuja kuwafanyia ibada wazazi wao. Wote tumenyoa, wote tumevaa shuka moja, hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Kuhani alinifanyia ya mama. Aliponiambia nitaje jina lake nilitaja, nikaingia majini, na nikamwambia yale maneno yangu yote mle ndani ya maji. Mtoni maji hayakuwa mengi, yalinifika kiunoni. Kwa hiyo nimemzika mama na mimi, usiwe na deni hilo moyoni.

Siku ya harusi nilisikia zumari na ngoma tangu asubuhi. Nilikaa kwenye ngazi mpaka zikanyamaza, nikajua amekwisha kufungwa uzi. Nikapanda basi nikarudi hapa likizo haijaisha. Afande wa Lalgudi alinifungulia geti akauliza kama nimechanganya tarehe.

Lakini katikati ya hayo kuna daraja, na daraja ndilo ulilouliza.

Kule mtoni, usiku wa kwanza, nilikuwa nimeshindwa kuamua. Mama Tenmoli kaniachia uamuzi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuubeba. Moyo mmoja uliniambia nirudi, mwingine ukaniambia sitamwona mtoto tena akiwa wangu. Basi nikasema, nitamuuliza Dhana. Sitamwandikia, nitamsimamia mbele. Akinitazama na kusema njoo nyumbani, nitakwenda na litakalokuwa na liwe. Akisema kaka rudi, nitarudi bila kinyongo. Nililala usingizi mzuri usiku ule, maana nilikuwa nimekuachia wewe.

Alfajiri ya tarehe 28 nilisimama pale ukingo unapoachana na miti. Nilikuja mapema nisikukose. Nikaisikia baiskeli yangu kabla sijakuona, mnyororo unalia, hujautia mafuta. Ukashuka, ukaiegemeza kwenye chuma. Umenenepa, Dhana. Nywele zimeanza kurudi baada ya kunyoa, na upande wa kushoto zimeota mvi. Nilitaka kucheka kwa furaha. Ulikuwa karibu kiasi cha kunusa dawa za studio kwenye shati lako.

Ukatoa kamera, ukaiweka jichoni, ukaielekeza kwangu. Nikajua umeniona. Nikatoa shuka kichwani ili unione vizuri, nikanyoosha mgongo. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka kukuita.

Ukashusha kamera kidogo, ukaniambia kwa adabu, kama mama alivyotufundisha kusema na wakubwa:

"Mzee, samahani, sogea kidogo. Unaziba mwamba."

Nikasogea.

Kaka yako,
Veerabadran